Mwanamume Asiyetaka Kwenda Popote

Huku kwetu Groningen, kaskazini mwa Uholanzi, mwanamume hapimwi kwa maneno yake wala kwa mshahara wake. Hupimwa kwa hema la mbele, lile turubai linalochomekwa ubavuni mwa karavani, ile nyumba ndogo ya kuvutwa na gari, ili mkiwa safarini mpate sebule ya kunywea kahawa. Lina fito za chuma ambazo zote zinafanana na hakuna hata mbili zinazolingana. Lina kamba, lina vigingi, na upande wake wa ndani unafanana na wa nje. Wapo watu walioishi miaka ishirini bila kutupiana neno baya, wakafika kambini Ufaransa, wakalitoa hema kwenye mfuko wake, na kabla jua halijazama mmoja kashamwita mwenzake jina la mnyama.

Najua ninachosema. Ndoa yangu ya kwanza ilifia chini ya hema. Berend alisimama juu ya kiti cha kukunja, fito mkononi, akanifokea mbele ya kambi nzima kwamba hata ng'ombe angejua kulia ni wapi. Majirani walikuwa wametoa viti vyao wakaketi kutazama kama ilivyo desturi, maana kambini hakuna burudani kubwa kuliko watu wanaosimamisha hema, na macho hayana pazia. Niliuachia upande wangu taratibu, turubai likamfunika yeye na kiti chake, nikachukua taulo nikaenda kuoga. Kabla ya Krismasi tulikuwa tumeachana.

Kwa hiyo nilipompenda Wessel nilijua ipo siku hema litakuja kutudai. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Nilimpata Wessel kwa sababu ya lori. Mimi ni dereva, nazunguka mashambani na lori la maziwa, nafyonza maziwa kwa wafugaji na kuyapeleka kiwandani. Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi mjini Appingedam, na siku moja aliwaleta wanafunzi wake walione lori langu. Watoto waliuliza maswali mia. Yeye aliuliza moja tu, watoto walipokuwa wanapanda baiskeli zao.

"Huchoki kuwa peke yako humo ndani kutwa nzima?"

Akanitazama kwa yale macho yake ya kijivu, macho ya mtu anayengoja jibu kweli. Nilimwambia sichoki. Jioni ile nilipofika nyumbani kwangu Loppersum nikajikuta nimechoka sana.

Sasa tulikuwa tumependana mwaka mmoja na ushee, kila mtu akiishi kwake, yeye juu ya duka la mikate mjini, mimi kijijini. Nampenda. Nalisema waziwazi mapema ili msije mkadhani yaliyofuata yalitoka kwenye moyo uliopoa. Nampenda anavyoosha vyombo huku anapiga mluzi, anavyowasemesha watoto wa watu kana kwamba kila mmoja ni waziri, anavyonishika kiunoni kwa kidole kimoja tu tukipita mlangoni. Shule zikifungwa majira ya joto yeye ana wiki sita, na mimi nilikuwa nimeomba likizo yangu yote kwa mkupuo. Tungekwenda Norwe. Tungeivuta karavani ya baba yangu kupitia Ujerumani na Denmaki, tuvuke bahari, tupande kaskazini mpaka kule jua lisikolala.

Tatizo lilianzia mezani kwangu, tukimaliza kula, ramani imetandazwa pale sahani zilipokuwa.

"Tukifika Bergen," nikasema, kalamu mkononi, "tushike njia ya pwani au tupande milimani?"

"Yoyote."

"Yoyote si njia, Wessel. Nimeitafuta kwenye ramani haimo."

Akacheka. "Wewe unavyopenda, mpenzi. Mimi nikiwa nawe popote ni sawa."

Mara ya kwanza mwanamume akikwambia hivyo, moyo unayeyuka kama siagi. Ikifika mara ya ishirini unatamani kumchapa na ramani.

"Visiwani tukae wiki moja au mbili?"

"Ukitaka mbili, mbili."

"Nikitaka tatu?"

"Tatu nazo nzuri."

"Nikitaka tulale juu ya paa la karavani?"

"Nitabeba mablanketi."

Alikuwa ananitania, lakini mimi nilikuwa nimeacha kucheka tangu kule Bergen. Nikaweka kalamu chini.

"Kuna kitu chochote hapa duniani unachokitaka wewe mwenyewe?"

Kitu kikapita usoni mwake, upesi sana, kama mtoto aliyeitwa jina darasani na hajui jibu. Akainuka, akakusanya vijiko.

"Nataka kuosha vyombo kabla mafuta hayajaganda," akasema.

Akaviosha vizuri, haki yake nimpe. Ila safari hii hakupiga mluzi, nami nilibaki nimeitazama Norwe nzima nikiwa na dukuduku moja ambalo halikunitoka tena. Mtu asiyetaka chochote, nitajuaje kama ananitaka mimi? Isije ikawa nami ni kama hizo njia tu, niliyekuwa karibu nikachukuliwa.

Jumapili nikaenda kunywa kahawa kwa Baba. Dada yangu Trientje alikuwepo, kwa kuwa Trientje hakosekani panapotaka kutokea jambo. Baba yangu, Mzee Habbo, ni mwashi mstaafu. Amejenga nusu ya kuta za wilaya yetu, na anawatazama watu kama anavyotazama ukuta, anatafuta ulipopinda.

"Karavani haitoki," akasema, kabla sijaketi sawasawa.

"Baba, ulishakubali tangu mwaka jana."

"Nilikukubalia wewe. Yule kijana simjui."

"Umekula naye mwaka mzima."

"Ndiyo, na ndiyo shida yenyewe. Nikimpa supu anakula supu. Nikimpa viazi anakula viazi. Nikimuuliza kipi kizuri anasema vyote vizuri. Berend nilimchukia, lakini nilimjua. Huyu nimchukie kwa lipi?"

"Baba anatafuta mkwe wa kugombana naye," Trientje akasema.

"Natafuta mkwe mwenye mifupa." Akanigeukia. "Wiki sita, mwanangu, ndani ya kile kisanduku. Mvua inanyesha, soksi hazikauki. Mtu anayefoka unamsikia mapema, unakimbia. Lakini huyu anayemeza kila kitu, siku atakayotapika mtakuwa juu ya mlima huko, na wewe huna hata mahali pa kupaki."

"Kimya kingi kina mshindo mkuu," Trientje akadakia.

"Nyamaza wewe, namwambia mwenzio." Baba akasukuma kikombe chake pembeni. "Jumamosi ya Pasaka tunaitoa karavani ghalani kwa Eltjo. Mtasimamisha hema, ninyi wawili, hapa mbele ya nyumba. Mimi sitatia mkono. Mkimaliza nitasema kama inakwenda au haiendi."

Ningeweza kubisha. Nina miaka thelathini na sita na naendesha gari zito kuliko nyumba yake. Lakini Baba alikuwa amelitoa mdomoni mwake lile lile lililokuwa linanikaba mimi kooni, na ni vigumu kubishana na mtu aliye upande wako.

Nilimweleza Wessel. Mnajua alijibu nini. Alisema sawa.

Jumamosi hiyo karavani ikatoka ghalani inanuka vitunguu, kwa sababu Eltjo ni mkulima, na huyalaza majira ya baridi mazao yake na karavani za watu mahali pamoja. Tuliiegesha kwenye majani mbele ya nyumba ya Baba. Hatujafungua hata mfuko wa hema, Bi Hilje wa nyumba ya pili akatokeza, kiti cha kukunja kwapani na kifurushi cha kufuma mkononi.

"Umekuja kututazama, jirani?" nikamuuliza.

"Nimekuja kuota jua," akasema.

Jua halikuwepo. Akaketi. Nyuma yake akaja mumewe, kisha Eltjo mwenyewe ambaye alisema anataka tu kujua kama panya hawajatoboa turubai, kisha Trientje na chupa ya kahawa. Baba alikuwa ameshakaa mbele ya wote, mikono kifuani, kama mtu aliyelipia tiketi.

Kwanza mambo yalikwenda vizuri, vizuri hadi nikaanza kuogopa. Nilisema shika, Wessel akashika. Nilisema vuta, akavuta. Upepo wa baharini ulikuwa unalichezea turubai, naye akasimama katikati, mikono juu, ameibeba fito kuu ambayo ikianguka kila kitu kinaanguka, mimi nikizunguka na kamba na nyundo. Alikuwa mzuri kutazama pale. Shati limepanda, nywele zimemwangukia machoni, ananitabasamia kila nikipita. Moyoni nikasema, Baba, utakula maneno yako leo.

"Hii fito fupi nadhani ni ya kona," nikasema.

"Unavyoona," akasema Wessel.

Nikaichomeka kona. Nikapigilia vigingi upande mzima. Nikarudi nyuma kuitazama kazi yangu, na Trientje akakohoa.

"Geeske. Madirisha yanafungukia wapi hapo?"

Nikatazama. Zipu za madirisha zote zilikuwa nje. Kamba za mapazia zilikuwa nje. Hema letu tulikuwa tumelivalisha ndani nje, mwanzo hadi mwisho, kama soksi ya mtoto. Mume wa Bi Hilje alijifanya anatafuta kitu mfukoni ili asicheke.

"Basi," nikasema, "makosa hutokea. Wessel, tunalivua, tunageuza."

"Sawa," akasema toka chini ya turubai. Kisha, kwa upole wake wote, bila nia mbaya hata chembe, akaongeza, "Nililiona."

Nikasimama.

"Uliona nini?"

"Kwamba liko ndani nje."

"Uliliona lini?"

"Tangu tulipoanza."

"Tangu tulipoanza." Nyundo ilikuwa bado mkononi. "Na hukusema?"

"Nilidhani unataka liwe hivyo."

"Nani duniani anataka hema ndani nje?"

Bi Hilje aliacha kufuma. Nami nikaisikia sauti yangu inapanda, na sikuizuia, kwa kuwa haikuwa ya hema tena.

"Nisikilize, Wessel. Berend alinifokea kwa sababu sikujua kulia ni wapi. Wewe unaniona napotea, unatabasamu, unanishikia fito. Sijui lipi baya zaidi. Yeye angalau alikuwepo. Miezi minne napanga safari na mtu anayeitikia kama mwangwi. Niambie kitu kimoja unachokitaka. Kimoja tu. Kama hakipo, weka hiyo fito chini uende zako nyumbani."

"Nikiiweka chini hema litakuangukia."

"Liache liniangukie."

Hakuiweka. Uso ulikuwa umemwiva mpaka masikioni. Nilimtazama nikajua naweza kumpoteza hapo hapo, mbele ya majirani na kahawa, na nilitaka kuyarudisha maneno yangu. Sikuyarudisha.

"Sitaki kwenda Norwe," akasema.

Eltjo akatoa kofia kichwani, sijui kwa nini.

"Nini?"

"Naogopa urefu, Geeske. Naogopa mpaka miguu inaisha. Zile barabara zao zinapinda juu ya maji kama utumbo, na nyuma yetu karavani. Mimi mlima mrefu niliowahi kuupanda maishani ni daraja la mfereji, na hapo huwa nashuka kwenye baiskeli nakokota."

"Nilidhani unashuka ili tutembee pamoja."

"Nashuka kwa sababu naogopa."

Na mimi, mjinga, mwaka mzima nimekuwa nikiliona jambo lile kuwa la kimahaba. "Kila hori la bahari kwenye ile ramani nimelizungushia kalamu mbele ya macho yako," nikasema. "Kwa nini hukusema?"

Akavuta pumzi. Alipoanza tena sauti yake ilikuwa ndogo, lakini upepo ulikuwa umetulia na wote tulimsikia.

"Wazazi wangu waliachana nikiwa na miaka minane. Kila mwaka majira kama haya walikuwa wananiketisha, kila mmoja kwa wakati wake. Wessel, likizo unataka kwenda wapi, na baba Austria au na mama Denmaki? Nikisema Austria, mama alikuwa anaingia bafuni na kufungulia maji ili nisimsikie. Nikisema Denmaki, baba alikuwa haongei siku nzima. Kila jibu lilimliza mtu. Mwisho nikapata jibu lisilomliza yeyote. Mnavyopenda ninyi. Wakafurahi wote. Wakaniambia, mtoto mzuri huyu, hana usumbufu." Akalipangusa jasho begani bila kuiachia fito. "Ukisifiwa hivyo miaka na miaka unasahau hata kama una hamu ya kitu. Siyo kwamba nakuficha. Ukiniuliza, ndani kunakuwa kimya."

Trientje alikuwa ameshika kikombe hewani. Bi Hilje, ambaye hajawahi kukosa la kusema tangu nimjue, alikuwa anazitazama sindano zake.

Nikatupa nyundo majanini, nikainama, nikaingia chini ya turubai. Huko ndani kulikuwa na mwanga wa rangi ya chungwa na harufu ya vitunguu. Nikaishika fito pamoja naye, mikono yangu chini ya yake.

"Nitazame," nikasema. "Mimi ni mama yako?"

"Hapana."

"Baba yako?"

"Baba yangu ana ndevu."

"Sawa. Ukisema unachotaka, pengine nitakasirika. Pengine nitalia, mimi hulia hata nikiona ndama. Kisha nitanyamaza, nitapenga kamasi, nitadai chakula. Sitakuacha kwa sababu hiyo. Nitakuacha kwa sababu ya hiyo nyingine, ya kuniacha nizungumze peke yangu."

Aliniangalia, macho yale ya kijivu yamejaa maji, na kwa mara ya kwanza nikaona ndani yake kitu kinachobisha hodi ili kitoke.

"Na wewe Norwe unaitaka kweli?" akauliza.

"Naitaka sana. Siwezi kukudanganya."

"Na mimi siitaki kabisa."

"Basi itabidi tugombane."

"Hapa?"

"Hapa hapa. Watu wameshaketi."

Akacheka, kicheko kilichovunjika katikati, halafu tukagombana. Tuligombana tukilivua hema, tukagombana tukiligeuza. Nikasema milima nitaendesha mimi, yeye afumbe macho. Akasema hawezi kufumba macho wiki sita, kwa nini asikae nyumbani. Nikasema Uswidi basi, Uswidi kuna maziwa na misitu, kumelala kama sahani. Akasema Uswidi anaikubali, ila si kwa upole, anaikubali kwa kuwa anataka kuogelea kila asubuhi na kula dagaa wa kuokwa, na hataki kuhama kila siku kama watalii wa basi, anataka mahali pamoja wiki nzima mpaka mwenye kambi ajue jina lake. Nikasema wiki nzima ni kifungo, siku nne. Akasema sita.

"Tano, na visiwa vya Norwe tunakwenda kwa meli, karavani tunaiacha chini bondeni."

"Meli ina ukingo?"

"Meli ina ukingo mpaka hapa kifuani."

Akafikiri. Nilimwona akifikiri, anajipapasa ndani kama mtu anayetafuta funguo. "Nitajaribu meli," akasema. "Nikiogopa nitasema."

"Ukiogopa utasema," nikarudia, na moyo wangu ukapaa kuliko milima yote ya Norwe.

Wakati huo Baba alikuwa ameinuka. Alikuwa ameapa kutotia mkono, lakini kuona fito inawekwa vibaya kunamuuma kuliko jino. Akaja, akaishika ile fupi, akaielekeza juu ya mlango.

"Hii inakaa hapa, mwalimu."

"Hapana, Mzee Habbo," akasema Wessel. "Hiyo ni ya nyuma. Tazama tundu lake."

Baba hakuwa amewahi kuambiwa hapana na Wessel, hata kuhusu chumvi.

"Nimelisimamisha hema hili kabla wewe hujaota meno."

"Huenda ulilisimamisha vibaya miaka yote hiyo. Shika hapa uone."

Baba akashika. Akatazama tundu. Akabisha, Wessel akabisha, wakainama wote wawili makalio juu, wakapigana vijembe kuhusu tundu lile mpaka Eltjo naye akaja kutoa maoni ambayo hakuna aliyeyaomba. Fito ilikuwa ya nyuma. Baba alipojinyoosha, mkono kiunoni, uso wake ulikuwa umenawiri kama wa bwana harusi.

"Mbishi," akaniambia, si kwa sauti ndogo. "Mbishi kweli huyu, na hajui hata kushika nyundo." Akampiga Wessel begani. "Karavani mtaichukua. Mafuta ya breki nitatazama mwenyewe."

Mvua ikaja muda huo huo, mvua yetu ya pembeni isiyobisha hodi. Majirani wakakunja viti wakakimbia navyo vichwani, Bi Hilje akilalamika kwamba ndiyo kwanza pamenoga. Trientje akamvuta Baba ndani. Tukabaki sisi wawili chini ya hema lililosimama, limepinda kidogo upande wa mashariki lakini limesimama, matone yakipiga juu yetu. Tukaketi kwenye mfuko wa fito uliobaki mtupu. Nikaegemea bega lake, likiwa limelowa, nikahisi nimefika mahali ambapo nilikuwa sijui kama nakwenda.

"Umechoka?" nikamuuliza.

"Mikono sijui iko wapi." Kisha akasema, "Kuna kingine."

"Kingine nini?"

"Ninachotaka. Kimekuja sasa hivi, wakati baba yako ananitukana."

"Sema."

Sikumsaidia. Nilijiuma ulimi, jambo ambalo si kawaida yangu.

"Kila likizo niliyowahi kwenda utotoni iliishia kwenye maegesho ya magari, kando ya barabara kuu," akasema. "Mmoja ananishusha, mwingine ananipokea. Wanasalimiana kwa kichwa. Begi langu linatoka buti hili linaingia buti lile. Hata kama likizo ilikuwa nzuri namna gani, kuanzia katikati nilikuwa nawaza yale maegesho." Akanishika mkono, si kwa kidole kimoja, kwa mkono mzima. "Safari hii tukirudi, sitaki unipitishe Appingedam unishushe. Nataka tukirudi, nirudi na wewe. Kwako. Begi langu likishuka, lisipande tena."

Nilitafuta mzaha wa kumjibu. Mimi huwa na mzaha wa kila jambo, nina mzaha hata wa mazishi. Sikupata.

"Kabati langu dogo," nikasema.

"Najua. Nataka nusu yake."

Hapo ndipo nikalia. Nililia kweli, kwa mabega na kwa pua, na kelele za mvua hazikutosha kunificha. Nilimwona akishtuka, nikaona lile jibu lake la zamani linapanda kooni, tayari kusema basi, si lazima, unavyopenda wewe. Akalimeza. Akaninyooshea leso yake iliyolowa, akanitazama nikilia mpaka nikamaliza, na neno lake hakulirudisha.